Karata zilimchapa, nikampeleka Yaeda Chini

Leo safu yenu imepanda milima. Wale mliozoea nikiwaletea upepo wa Bagamoyo na pweza wa Forodhani mtaniwia radhi, maana safari hii ilikuwa ya koti zito, vumbi na ugali wa moto, huko Hanang na Mbulu mkoani Manyara. Na sikwenda peke yangu. Nilikuwa na jamaa yangu wa Arusha, mzaliwa wa Dongobesh, kijana msomi, mcheshi, anayejua kuvaa, ambaye kwa miezi mitatu mfululizo alikuwa akichapwa kwenye pokeri ya simu kama mtoto aliyevunja chungu cha mama yake.

Jina lake silitaji, ana mchumba na mchumba anasoma magazeti. Tumwite Mshikaji.

Kwa wale ambao karata zao zinaishia kwenye arubastini na lasti kadi pale kijiweni, niwape picha. Pokeri hii anayocheza Mshikaji kila mtu anapewa karata mbili za siri, halafu tano zinafunuliwa mezani polepole kwa ajili ya wote, na kila hatua watu wanaweka pesa. Inaitwa isiyo na kikomo kwa sababu muda wowote ukijisikia unaweza kusukuma kila ulicho nacho mezani, mpaka chipsi ya mwisho (chipsi za plastiki, siyo za mayai). Ndiyo utamu wake na ndiyo sumu yake. Halafu msije mkaifananisha na ile karata tatu ya stendi, ambayo unaibiwa mchana kweupe huku mke wa mchezeshaji akijifanya mpita njia. Hii ina akili ndani yake. Mwaka 2003 mhasibu mmoja wa Marekani aitwaye Chris Moneymaker, na hilo ni jina lake la kweli, aliingia mashindano ya dunia kule Las Vegas kwa tiketi aliyoishinda mtandaoni, akaondoka na dola milioni 2.5. Mshikaji hiyo hadithi anaisimulia kama watu wa kanisani wanavyosimulia Daudi na Goliati.

Tatizo ni kwamba akili haimalizi kila kitu. Ukishika A mbili na mwenzako ana K mbili, mkasukuma pesa zote kabla karata za mezani hazijafunuliwa, utashinda kama mara 82 katika kila 100. Hizo 18 zilizobaki lazima zimwangukie mtu, na hazina adabu ya kupanga foleni. Zinaweza kukuangukia tatu jioni moja. Ndiyo maana wanaoila pokeri kama kazi huwa na akiba ya kuingilia mezani mara 20, mara 50 na hata zaidi, ili kipindi kibaya kikija kiwakute bado wana pumzi. Mshikaji alikuwa na akiba ya kuingia mara tatu. Na nyumba inayoendesha mchezo inakata kijiasi chake kwenye kila chungu, ushinde wewe au ashinde yule.

"Sichezi vibaya kaka," aliniambia siku tunaondoka Arusha. "Karata ndiyo zinanikataa. Mtu hawezi kukataliwa milele."

Hapo ndipo nilipomshangaa, maana hesabu amesoma mpaka chuo. Karata hazina kumbukumbu, hazijui kama jana zilikunyima. Ila mtu aliyepigwa ana kumbukumbu sana, tena ya kila mkono. Wachezaji wenyewe wana jina la hali hiyo, wanaiita tilti, neno lililotoka kwenye zile mashine za zamani za kugonga mpira wa chuma, ambazo ukiziinamisha kwa hasira zinajizima. Mshikaji alikuwa ameinama siku nyingi.

Sasa sikilizeni kilichonifanya nimchukue. Kwenye simu yake alikuwa na shilingi 600,000 ambazo si zake. Mama yake analima vitunguu saumu, na Mbulu bwana ni nchi ya vitunguu saumu, vinavyouzwa mpaka Dar es Salaam na kuvuka mpaka. Kiangazi kikikolea bila maji shamba halina kitu. Mama alimtumia pesa anunue pampu ya petroli Arusha, kisha akabadili mawazo, akasikia pampu zipo duka la Dongobesh hapo hapo, akamwambia mwanawe alete hizo pesa mkononi. Ikawa Julai. Nami nilikuwa na safari yangu ya kuuona Hanang na bonde la Yaeda. Nikamwambia twende wote, utanitafsiria Kiiraqw, tutaishia kwa mama.

Tulilala Katesh. Kutoka Babati ni lami tupu, ile barabara ya Singida, na mlima unauona mapema, umesimama peke yake bila ndugu, zaidi ya mita 3,400, kichwa ndani ya wingu. Ni mlima mzuri wa kupanda kwa anayetaka, wengi wanaamka usiku wa manane na kurudi jioni wakiwa hoi. Mimi niliupanda kwa macho. Kovu lake bado linaonekana. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, kipande cha mlima kilimeguka, tope na mawe na magogo vikashuka mpaka Katesh mjini na vijiji vya pembeni. Watu zaidi ya 80 walikufa. Ukipita leo utaona maduka yamepakwa rangi, bodaboda zinapiga honi, chipsi zinakaangwa, lakini muulize mtu yeyote kuhusu Desemba ile, ataacha anachofanya.

Mama mwenye nyumba ya wageni tuliyofikia ni mcheshi sana. Alituletea chai ya maziwa yenye tangawizi, akakaa. Mshikaji, ambaye siku hizo hakuwa na hadithi nyingine, akaanza kumweleza kwamba yeye mwaka huu ana bahati mbaya, mambo yake hayaendi.

"Pole baba," mama akasema. "Umefiwa?"

"Hapana mama, ni mambo ya pesa pesa tu."

"Aa." Akamimina chai nyingine. Yeye kibanda chake cha duka kilikwenda na tope, friji, unga, mafuta, vyote. Tulipomuuliza alifanya nini, alitutazama kama tumeuliza swali la kitoto. "Niliazima koleo," akasema, akaondoka na birika lake.

Mlidhani Mshikaji angelala akiwa amejifunza? Wapi! Saa tisa usiku nilizinduka kwa baridi, nikaona mwanga wa buluu upande wa pili wa chumba. Jamaa amejifunika blanketi mpaka kichwani, kama mganga anayejifukiza. Mtandao Katesh uko vizuri mno. Alikuwa amebakiwa na vijisenti vyake kidogo, asubuhi havikuwepo.

Kutoka Katesh kwenda Haydom tulipanda Noah iliyobeba watu kumi na wanne, kuku, na mzee mmoja wa Kibarabaig aliyeshika fimbo kama amiri jeshi. Lami inabaki nyuma, vumbi linaanza. Mnapita Basotu, kuna ziwa dogo la volkano lililotulia ndani ya kishimo chake, viboko wamo, na kando yake akina mama wanauza samaki. Baada ya hapo ni mashamba mpaka macho yachoke. Hapa ndipo NAFCO, kwa msaada wa Kanada, ilipofungua yale mashamba makubwa ya ngano miaka ya 1970 na 1980, kwenye nyanda ambazo Wabarabaig walikuwa wakilishia ng'ombe wao. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, wakashinda Mahakama Kuu, kisha katikati ya miaka ya 1980 wakashindwa kwenye rufaa. Mzee wa fimbo alituonyesha kwa kidevu sehemu ambayo babu yake alizikwa. Hakulalamika, alionyesha tu, kama mtu anayekuonyesha duka la dawa lilipo. Noah ikaendelea.

Haydom ni mji wa ajabu kidogo. Uko mbali na kila kitu, halafu unafika unakuta hospitali kubwa, ile ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norway, na kuizunguka kuna soko, nyumba za wageni, maduka ya simu, mafundi cherehani, kila kitu. Watu wanatoka Singida, Manyara na Arusha kuja kutibiwa hapo. Na pembeni ya soko, kwenye kibanda cha mabati, kulikuwa na dubwi.

Dubwi mnalijua. Ile mashine ya Kichina inayomeza sarafu za 200, taa zinazunguka, inaimba. Vijana sita walikuwa wameizunguka, na mmoja alikuwa ameishikilia kwa mikono miwili kama anamkumbatia ng'ombe asiyetaka kukamuliwa. Sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003 inasema aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi, ila nikimtazama mmojawapo ndevu zake zilikuwa bado ziko njiani. Wengine walikuwa na mikeka ya mpira kwenye simu. Huyu timu moja imemchania mkeka, yule kandege kamemkimbia. Niligundua kitu kimoja: wote waliopigwa walikuwa wakisimulia kwa sauti kubwa, na aliyeshinda, kijana aliyepata kama elfu kumi na nne hivi, alikuwa ameshatoweka.

Mshikaji aliwatazama kwa dharau. Eti mashine haina akili, mashine imepangwa ile, wanajiua. Nikamwambia mbona na wewe umechacha sawa na wao? Akanuna mpaka chakula cha jioni.

Tulipomaliza kula ndipo alipotoa lililokuwa moyoni. "Kaka, nikopeshe laki moja. Leo Jumamosi, wazungu wanakunywa, meza zinakuwa laini. Narudisha usiku huu huu."

Nikamwambia sina ya kukopesha, na hata ningekuwa nayo nisingekupa. Akakaa kimya, anachora mezani kwa kijiti cha kuchokolea meno. Halafu akasema taratibu, kama anajisemea mwenyewe, "Ile ya bi mkubwa ipo tu imelala."

Jamani, kuna maneno mtu akiyatoa hujui uyajibu vipi. Nilimwambia hiyo ni pampu, siyo pesa. Akacheka, akasema nilikuwa natania, wewe vipi. Tukaenda kulala vyumba tofauti.

Asubuhi tulichukua bodaboda mbili kushuka Yaeda. Na kushuka ndiyo neno lenyewe. Juu huku ni nchi ya Wairaqw, mashamba yamepangwa, ng'ombe, mahindi, baridi. Mnaanza kuteremka, joto linapanda, mashamba yanapungua, mara mibuyu, minene kama matangi ya maji, na mbuga inatanda chini mpaka inapotea kwenye vumbi. Simu yangu ilipoteza mtandao kwenye kona moja yenye mawe mekundu. Nikasikia bodaboda ya nyuma inasimama. Mshikaji ameinua simu juu, anaizungusha hewani kama mtu anayetafuta redio ya mbali. Dereva wake akamwambia, "Bosi, hapa hata ukipanda mti."

Bonde hili ni la Wahadzabe, au sehemu iliyobaki ya nchi yao, maana wenyewe ni watu kama elfu moja na kitu tu, na wafugaji na wakulima wamekuwa wakiingia kila upande. Mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya pamoja kwa sehemu ya ardhi yao ya Yaeda, jambo lililowasaidia. Wanawinda kwa upinde, wanarina asali, akina mama wanachimba mizizi. Lugha yao ina vidoko ambavyo ulimi wa mtu wa mjini hauwezi, nilijaribu nikachekwa na watoto. Sipendi zile safari za watalii za kuja nusu saa, kupiga picha na upinde na kuondoka, kwa hiyo tulipita ofisi ya kijiji, tukaandika majina kwenye kitabu cha wageni, tukapata kijana wa kutupeleka, na tukakaa siku mbili.

Siku ya pili, jua kali, wanaume walikuwa wamekaa chini ya mti mkubwa. Mwanzoni nilidhani wanatengeneza mishale tu. Mmoja alikuwa akiponda msumari kwa jiwe juu ya jiwe, taratibu, bila moto, mpaka unakuwa bapa, unakuwa ncha. Kisha nikasikia kishindo, tap-tap-tap, na kelele za watu kama goli limeingia.

Walikuwa wanacheza kamari!

Mchezo unaitwa lukuchuko. Nilivyouelewa mimi ni hivi. Kila mtu ana kipande chake cha gome la mti kilichokatwa mviringo, upande mmoja una makwaruzo, wa pili laini. Kipo kimoja kikubwa ambacho ni cha mchezo wenyewe. Mtu anavikusanya vyote mkononi, anavirusha kwa pamoja vigonge shina, vinaanguka, wote wanainama kuangalia vimelalaje. Kile kikubwa ndicho hakimu. Kama kipande chako peke yako ndicho kimelala sawa na kikubwa, umekula. La sivyo vinaokotwa, vinarushwa tena. Ni kasi, ni kelele, kuna mbwembwe za kurusha, kuna kunong'oneza magome. Na mbele yao, kwenye vumbi, kulikuwa na mishale ya chuma, kisu kimoja, shanga na kiko.

Mshikaji alifufuka. Siku mbili alikuwa kama mgonjwa, sasa macho yanawaka, anauliza uwezekano ni ngapi kwa ngapi, wachezaji wakiwa wanne inakuwaje, wakiwa watano inakuwaje. Pembeni yake alikuwa amekaa mzee mmoja asiyecheza, anavuta kiko chake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Babu, huyu wa shati jekundu amepoteza mingapi?"

"Yote," mzee akasema. Na kweli, wa shati jekundu alikuwa amechapwa. Mishale yake ya chuma, ile yenye sumu ya kuangushia mnyama mkubwa, yote ilikuwa upande wa mwenzake. Kwa Mhadzabe huo si mchezo mdogo. Msumari unatafutwa, unapondwa, sumu inachemshwa kutoka kwenye miti yake, mshale mmoja ni kazi ya siku kadhaa.

"Sasa ataweka nini? Ataweka upinde?"

Mzee akatoa kiko mdomoni. Akawaambia wenzake kwa lugha yao, na kundi zima likaangua kicheko, hata wa shati jekundu mwenyewe. Mshikaji akawa anacheka naye bila kujua anachekwa nini.

"Upinde hauwekwi," mzee akasema. "Na mishale ya mti ya kupigia ndege haiwekwi. Na mkoba ule wa ngozi."

"Nani amekataza?"

"Hakuna aliyekataza. Hauwekwi." Akafikiri kidogo. "Ukiweka upinde, kesho unakula nini?"

Niliporudi mjini nilitafuta maandishi, nikakuta kwamba jambo hili limeandikwa zamani. Mwingereza James Woodburn, aliyeanza kukaa na Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika makala mwaka 1982 inayoeleza hayo hayo: kiangazi, kambi zikiwa kubwa, wanaume wanautumikia mchezo huu kwa muda mwingi sana, wanawekeana mishale ya chuma, visu, shoka, nguo, hata asali, lakini upinde, mishale ya mti na mkoba wa ngozi havimo. Yeye kilichomvutia zaidi ni jambo lingine. Kila mtu anacheza ili apate vingi, lakini mchezo wenyewe kazi yake ni kuvirudisha vitu vizunguke, hakuna anayefanikiwa kulundika.

Hilo tuliliona kwa macho. Yule aliyekuwa amekula mishale ya wenzake alijaribu kuinuka, akajinyoosha, akasema sijui anakwenda kunywa maji. Lo! Kelele alizopigiwa! Anakwenda wapi, anaogopa nini, amekuwa tajiri sasa? Akakaa. Akaendelea. Jua lilipofika upande wa milima alikuwa na mishale miwili, na wa shati jekundu alikuwa na mitatu, mmoja kati yake si ule wake wa mwanzo, ulikuwa umetoka kambi nyingine, na hakuna aliyejua umezunguka mikono mingapi. Hakukuwa na mtu pembeni anayekata asilimia. Hakukuwa na wakala. Aliyeishiwa aliishiwa mbele ya watu wanaomjua, wanaomcheka, na usiku walikula pamoja naye, ndege wawili aliowapiga mwenyewe kwa ile mishale ya mti.

Sisemi kwamba huko ni peponi. Kambini hapo kuna njaa, kuna pombe inayoletwa kutoka juu, na kuna majirani wanaolisha ng'ombe kwenye mizizi ya watu. Wala sidhani kama ukichukua magome ukayapeleka Kijenge watu watarudishiana. Lakini Mshikaji usiku ule, tumelala nje karibu na moto, alikuwa na maswali yasiyokwisha.

"Kaka, hivi yule jamaa angekuwa na simu, si angeweka upinde saa sita usiku na hakuna wa kumcheka?"

Nikamwambia ndiyo.

"Na angeongezea salio kwa sekunde kumi."

Nikamwambia ndiyo, na mkopo wa simu juu. Akanyamaza muda mrefu nikadhani kalala. Kisha akasema, "Sikukutania juzi pale Haydom."

Tulipopanda kurudi juu, kwenye kona ile ile ya mawe mekundu, simu yake ilianza kulia kama kuku aliyeona nyoka. Ujumbe kumi na kitu. Hakuufungua hata mmoja. Alimwambia dereva twende, na tulipofika Haydom alikwenda moja kwa moja kwa wakala, akaandika namba, akatoa pesa zote zilizomo. Wakala akahesabu noti mbele yetu. Laki nne na elfu sabini.

Laki moja na elfu thelathini zilikuwa zimekwenda Jumamosi ile, kabla ya saa saba usiku. Hakunitazama. Alizikunja noti, akazitia mfuko wa ndani wa koti, akafunga zipu, na njia nzima ya kwenda Dongobesh mkono wake ulikuwa juu ya ile zipu.

Mama yake ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye salamu ndefu. Alinikaribisha kama mwanawe, tukapewa maziwa, tukaulizwa habari za Arusha, za safari, za kazi, za wazazi wangu ambao hajawahi kuwaona. Shamba lipo nyuma ya nyumba, linateremka mpaka kwenye kijito, vitunguu saumu vimesimama kwenye mistari, na udongo wa juu umeanza kupasuka. Ndoo mbili zilikuwa kando ya kijito. Mdogo wao wa kike ndiye alikuwa akizibeba tangu alfajiri.

Mshikaji akatoa pesa. Mama akahesabu mara moja, akahesabu tena. Wakazungumza Kiiraqw, na mara hii sikutafsiriwa. Sauti haikupanda hata kidogo. Niliona tu kijana anaeleza kitu huku mikono yake ikifanya kama anagawa karata, na mama anatazama ile mikono.

Baadaye mama akanigeukia, akaniambia kwa Kiswahili, "Mwanangu, pampu dukani ni laki nne na themanini. Nitaongea naye atapunguza hiyo elfu kumi, ananijua. Tatizo ni mpira. Pampu bila mpira itamwagilia kijito." Halafu akamwambia mwanawe, bado kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie: "Wewe huondoki. Huyu binti anarudi shule Jumatatu, na ndoo ni mbili."

Nikaondoka peke yangu na basi la alfajiri. Nilimwacha jamaa kwenye mistari, suruali yake ya Arusha imekunjwa mpaka magotini, ndoo kila mkono, anapandisha maji kutoka kijitoni. Simu yake ilikuwa ndani, kwenye kabati la vyombo, imezimwa. Mama hakumnyang'anya, aliiweka mwenyewe.

Alirudi kazini baada ya siku kumi na moja, mikono ina malengelenge. Niliulizwa na watu kama ameacha. Hajaacha. Alifuta ile programu, baada ya wiki tatu akairudisha, na sasa anacheza Jumamosi tu, meza za chini kabisa, kwenye laini ya pili isiyo na pesa za watu wala mkopo. Mwezi wa kwanza alipigwa tena, akanionyesha mikono yote kwenye simu, nikaona kweli alicheza vizuri na karata zilimkataa. Saa nne usiku akafunga, tukaenda kula mishkaki. Hilo kwa Mshikaji wa Katesh lisingewezekana. Mchumba bado hajui, na kama anasoma hapa, shemeji, huyu siye.

Juzi nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Nikaamkia shikamoo, nikaitikiwa marahaba, zikafuata salamu zote, za kazi, za wazazi, za mvua.

"Mwanangu, pampu inafanya kazi vizuri," mama akasema. "Mwambie mwenzio mpira nimekopa mita hamsini, mwenye duka anataka pesa yake. Mwambie Ijumaa. Siyo Jumamosi. Mwambie nimesema Ijumaa."